Neno ‘hifadhi’ linavyotuhadaa kuhusu jumbe za faragha

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili alibisha hodi ofisini akiwa amenuna. Tasnifu yake inachunguza jinsi wafasiri wanavyoafikiana kuhusu istilahi. Data yake tamu zaidi haikutoka kwenye tafsiri zenyewe wala kwenye mijadala ya kikundi kizima. Ilitoka kwenye jumbe za faragha ambazo wafasiri wawili walikuwa wakitumiana katika jukwaa moja la mawasiliano ya kikazi, wakibishana, wakitaniana na mara nyingine wakinuniana kwa sababu ya neno moja. Wote wawili walikuwa wamemruhusu azisome. Alipoketi kuzidondoa, akakuta sehemu kubwa imetoweka.

“Lakini Prof,” akaniambia, “si zilikuwa zimehifadhiwa?”

Zimehifadhiwa na nani? Neno hilo limenikera tangu siku hiyo. Anayehifadhi Kurani huiweka moyoni, na hata msahafu ukiungua, aya zingali naye. Hifadhi ya wanyama ina askari na mipaka. Katika matumizi yote hayo yupo mlinzi, tena mlinzi mwenye wajibu. Sasa tumelichukua neno hili zito tukalibandika kwenye kila kitu kinachoonekana kwenye kioo cha simu. Ujumbe ukionekana, tunasema umehifadhiwa. Kumbe umewekwa tu, kama mzigo ulioachwa kwa mwenye duka ambaye hatukumuuliza atafunga lini.

Chukua mfano wa Slack, ambalo silo jukwaa la mwanafunzi wangu. Mwanzilishi wake, Stewart Butterfield, aliwahi kueleza kwamba jina hilo ni akronimu ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya daftari linalopekulika la mazungumzo na maarifa yote. Yote! Tangu Septemba 2022 wanaolitumia bila malipo huona jumbe za siku 90 zilizopita pekee, na mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba ingeanza kufuta kabisa zile zilizopitisha mwaka mmoja. Silaumu kampuni kwa kutoza ada. Mashine zinazotunza data zinagharimu pesa. Ninachokosoa ni sisi kusoma neno “daftari” tukadhani ni letu.

Lakini hayo ni madogo. Makubwa yamo kwenye neno “faragha”. Msimamizi wa kikundi cha Slack kisicholipa anaweza kupakua mazungumzo ya vikao vya wazi. Jumbe za faragha hazimo. Ili azipate, sharti aiombe kampuni na kuonyesha msingi, kwa mfano amri ya kisheria au idhini ya wanachama. Hilo ni jema. Katika mipango ya bei ya juu, mwenye kikundi anaweza kuomba na kupewa uwezo wa kupakua hata hizo za faragha. Na wale wawili waliozungumza je? Mwanachama wa kawaida hana hata kitufe cha kupakua mazungumzo yake mwenyewe. Atanakili mstari kwa mstari au atafute mtaalamu wa programu amsaidie. Kwa hiyo mwajiri anaweza kupewa nakala ya maneno yangu kabla yangu, nasi bado tunayaita ya faragha.

Hata nakala yenyewe ikipatikana, haisomeki. Inakuja katika muundo uitwao JSON, uliokusudiwa mashine. Msemaji hutambulishwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu. Wakati huandikwa kwa idadi ya sekunde tangu Januari 1, 1970. Ukikuta 1704067200, ujue ni saa tisa usiku wa kuamkia Januari 1, 2024 kwa saa za Nairobi. Picha na faili hazimo. Kuna viungo tu vya kuzifuata zilipo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupokea data yake katika muundo unaosomeka na mashine. Naam, mashine imetunzwa vyema. Msomaji wa tasnifu atasaidiwa na nani? Afadhali WhatsApp katika hili, kwani gumzo ukilitoa huja kama matini ya kawaida, yenye jina, tarehe na saa.

Mhakiki wa fasihi hawezi kuliona hili kama jambo la mafundi peke yao. Tunazo barua alizoandika Shaaban Robert kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002. Tunazo kwa sababu nduguye mdogo, Yusuf Ulenge, aliyeandikiwa, alizitunza. Nazo barua za Kilwa za 1711, zilizoandikwa kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu, zimesalia katika nyaraka za Goa, India. Utaratibu wa barua ulikuwa huo: aliyeandikiwa ndiye aliyebaki na karatasi. Jukwaa la leo limeuvunja. Mwandishi hana karatasi, mwandikiwa hana karatasi, na mwenye sanduku ni mtu wa tatu asiyewajua.

Mwenzangu mmoja idarani alinipinga vikali. Alisema maneno ya pembeni yaachwe yafe, kwani watu huzungumza kwa uhuru wakijua hawarekodiwi. Ana hoja. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, na mtafiti hana kibali cha kuyachota kwa kuwa tu ni matamu. Hata hivyo, uamuzi wa kuyaua ni wa wale wawili. Siku ya kulipia mpango ikipita haiwi idhini ya mtu.

Tukirudi kwenye istilahi, wengi husema “nakala rudufu”. Silipendi jina hilo, kwa kuwa mtu anaweza kurudufu kitu na kukiacha palepale. Baadhi ya watunga istilahi za kompyuta walitupa “chelezo”, nalo likachekwa eti ni la kizamani. Kwa mvuvi, chelezo ni kitu kinachoelea majini, kama boya la nyavu. Chombo kikizama, chelezo kinabaki juu kwa kuwa hakikufungwa ndani yake. Nakala iliyo ndani ya jukwaa lilelile si chelezo, hata ziwe kumi.

Mwanafunzi wangu amepata nusu. Mfasiri mmoja alikuwa na mazoea ya kunakili jumbe alizoandika yeye na kuzibandika kwenye faili ya kompyuta yake kila mwisho wa mwezi. Majibu ya mwenzake hayamo, ila pale alipoyarejelea. Tunasoma, “Hapana, hilo neno ni la bara,” bila kujua ni neno gani. Mfasiri wa pili aliruhusu zisomwe, lakini hakuulizwa kuhusu kunukuliwa. Ameandikiwa barua pepe wiki mbili zilizopita. Sura ya nne ya tasnifu inamngoja.