Umeme wa Gatini: Kwa Nini Plagi ya Boti Huungua

Boti nyingi za starehe nchini Marekani hupata umeme wa gatini kwa kebo ya volti 120 na ampea 30. Plagi yake huchomekwa kisha huzungushwa ili ijifunge, muundo wa miaka ya 1930, kabla viyoyozi havijazoeleka botini. Hitilafu nyingi za kebo hiyo huanzia kwenye plagi, hasa upande wa boti, na huko ndiko kunakokaguliwa mara chache.

Boti haitulii. Kila ikiyumba, meno ya shaba hulegea kidogo ndani ya soketi, na unyevu wa chumvi huyaotesha kutu. Ukinzani hupanda. Omu 0.1 tu, kwa mkondo wa ampea 24, hutoa takribani wati 58 za joto, sawa na chuma cha kulehemia nyaya za redio kilichofungiwa ndani ya plastiki usiku kucha. Breka haishtuki, maana mkondo haujazidi kiwango chake. Dalili huonekana kwa jicho au huhisiwa kwa mkono: rangi ya kahawia kuzunguka jino moja, plastiki iliyovimba, plagi iliyo moto. Hapo kubadilisha kebo peke yake ni kupoteza fedha, kwa sababu soketi iliyoungua itaiharibu plagi mpya. Hubadilishwa vyote viwili.

Kebo huunganishwa breka ya gatini ikiwa imezimwa. Huanza upande wa boti, plagi ikazungushwa na pete yake kukazwa, ndipo gati hufuata. Kuchomoa huanzia gatini. Anayegeuza utaratibu huo, breka ikiwa haijazimwa, hushika ncha yenye umeme juu ya maji.

Hatari nyingine haina moshi. Waya wa ethi ukikatika, umeme unaovuja botini hurudi kupitia majini. Katika maziwa na mito, mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, hivyo misuli ya muogeleaji hukakamaa akazama. Ndiyo maana viwango vya Marekani vinataka boti mpya ziwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, ndani ya milisekunde 100. Boti za zamani zinastahili kufungiwa kifaa hicho pia.

Anayemwona mtu amekakamaa majini karibu na gati asimrukie. Azime umeme wa gati kwanza, kisha amtupie boya.