Kizuri Chajiuza, Lakini Pia Hutembezwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mauzo ya hisa za Safaricom ya 2008 yanaitia methali hii majaribuni, kwa sababu kitu kilikuwa kizuri na bado kilitembezwa nchi nzima. Mimi hula kwa kuandika, na mara nyingi kinachonilipa ni maneno ya matangazo. Kwa hivyo mauzo yale nayasoma kama maandishi: nani anasema, anamwambia nani, na anaacha kusema nini?

Tukumbushane kwanza. Kuanzia 28 Machi hadi 23 Aprili 2008, serikali iliuza hisa bilioni 10, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, sawa na shilingi 10,000. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye ghasia za uchaguzi. ODM walitaka mauzo yasimame hadi ijulikane nani hasa wako nyuma ya Mobitelea, kampuni iliyokuwa na fungu lake ndani ya Safaricom. Mwezi huohuo wa Machi, kampuni ya udalali ya Nyaga ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria huku pesa za wateja zikiwa hazieleweki. Ungedhani watu wangeogopa. Wapi! Zaidi ya watu laki nane walijaza fomu.

Ni matangazo yaliyowaleta? Kwa sehemu tu. Tangazo lenye nguvu zaidi lilikuwa limeshaandikwa miaka miwili nyuma, na hakuna aliyelilipia. Mei 2006, hisa za KenGen zilizouzwa kwa shilingi 11.90 zilifika karibu 40 siku ya kwanza sokoni. Mwandishi wa matangazo hata awe hodari vipi hawezi kushindana na jirani aliyefaidika. Pia Safaricom ilikuwa tayari mfukoni mwa watu. Kila kadi ya kukwaruza pale dukani ilikuwa bango. Hata kelele za kupinga mauzo zilisaidia kuyatangaza. Kazi ya matangazo yenyewe ilikuwa nyepesi: kuwaambia watu tarehe, mahali na bei.

Shida yangu iko kwenye neno “mafanikio”. Tangazo la sabuni likifaulu, kiwanda hutengeneza sabuni zaidi. Hisa si hivyo. Zilikuwa bilioni 10, basi. Kila mtu mpya aliyeshawishika alipunguza fungu la mwenzake. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, na mwananchi wa kawaida akapata takriban asilimia 21 ya alichoomba. Hebu piga hesabu ya mtu aliyekopa elfu kumi. Kama elfu mbili na kitu ziligeuka hisa, zilizobaki zilikuwa za kungoja kurudishiwa, na riba ya mkopo haikungoja naye. Ila maombi kuzidi vile ndiko kulikoimbwa kama ushindi. Ushindi wa nani? Muuzaji anahesabu vichwa kwenye foleni, mnunuzi anahesabu hisa alizopata. Tangazo lilisema na mnunuzi, lakini alama lilipewa kwa hesabu ya muuzaji.

Halafu bei. Siku ya kwanza sokoni, 9 Juni 2008, hisa ilipita shilingi 7. Mapema 2009 ilikuwa imeshuka chini ya 3. Kampuni ni ileile, na sasa inauzwa kwa bei nafuu kuliko ilipotangazwa. Foleni iko wapi? Hakuna. Hakuna mtu analipia bango kukuambia ununue hisa ambazo yeye hana za kuuza. Walioshikilia hadi 2021 waliiona ikipita 40. Kwa hiyo siku nzuri ya kununua ilipita kimyakimya. Na kelele pia hazithibitishi uzuri: mwaka 2006 watu waligombania hisa za Eveready kwa shilingi 9.50, na 2014 kiwanda chake cha Nakuru kilifungwa.

Usinielewe vibaya, sisemi matangazo ni uongo. Yalifungulia mlango watu ambao hawakuwa wamewahi kumwona dalali wa hisa, na hilo si jambo dogo. Ninachokosoa ni mgawanyo wa kazi. Tumaini liliandikwa kwa herufi kubwa barabarani, hatari ikawekwa ndani ya waraka mnene wa Kiingereza cha mawakili. Mwandishi wa bango angeweza kuongeza sentensi tatu: maombi yakizidi utapata kidogo, pesa zako zitashikiliwa kwa muda, bei inaweza kushuka. Ni maneno machache tu, na Kiswahili kinayatosha kabisa.

Wenzangu wa rika langu, wengi hatuna payslip, na mauzo mengine yakija yatatufuata kwenye simu kupitia vijana wenye wafuasi wengi. Tangazo likikufikia, litafute ndani yake sentensi hizo tatu. Ukizikosa, elfu kumi yako kaa nayo hadi mtu akujibu.