Univers 58: Herufi Iliyobanwa na Kulazwa mbele ya Maandishi ya Kiswahili

Mwaka 1957 kiwanda cha herufi cha Deberny & Peignot, mjini Paris, kilitoa Univers, kazi ya Mswisi Adrian Frutiger (1928-2015). Ilikuwa jamii ya sura 21 za herufi zisizo na vijiguu, zote zikiwa zimebuniwa kwa mpango mmoja. Badala ya majina, Frutiger alizipa namba: tarakimu ya kwanza huonyesha unene wa mistari, ya pili upana na mkao. Sura ya 55 ndiyo ya kawaida, 57 imebanwa, 58 imebanwa na kulazwa. Mwanaisimu atauona mfumo huo kama jedwali la viambishi, ambamo kila kipashio kina maana yake.

Sura ya 58 ina faida iliyo wazi. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu: kitenzi kama «hawatatuandikishia» hujaza nusu ya safu ya jedwali, au hukatwa mwishoni mwa mstari. Herufi iliyobanwa humwepusha mpigachapa na mkato huo. Sura za Univers zilizobanwa na kulazwa zilitumika pia kwa miaka mingi kwenye vibonye vya kibodi za Apple, kabla ya kampuni hiyo kuhamia VAG Rounded.

Hata hivyo, katika taaluma ya lugha mlazo una kazi nyingine: hutenganisha neno linalotajwa na neno linalotumiwa. Mlazo wa kale, uliotokana na mwandiko wa mkono wa Waitalia na kupigwa chapa Venice na Aldus Manutius mwaka 1501, hubadili umbo lenyewe. Herufi «a», kwa mfano, hupoteza kichwa chake. Univers haifanyi hivyo. Herufi zake huinama tu, na «a» hubaki na kichwa chake. Tofauti yote basi hutegemea mwinamo.

Hapo ndipo udhaifu unapojitokeza. Mofimu nyingi za Kiswahili ni fupi mno. Kiambishi «i-» au «li-», kikipigwa kwa sura ya 58 katikati ya sentensi, huwa kijiti kimoja au viwili vilivyoegemea upande, na jicho hukipita. Aidha, «I» kubwa na «l» ndogo hufanana karibu kabisa: jina la mji wa Ilebo huanza kwa vijiti viwili visivyotambulikana.

Kwa jumla, Univers 58 ni kazi ya ustadi inayofaa majedwali ya ngeli, maelezo ya ramani na vichwa vya safu. Haifai kubeba mifano ndani ya sarufi ya kufundishia, ambamo herufi moja hutofautisha umoja na wingi. Mhariri asiokoe karatasi kwa kuyachosha macho ya mwanafunzi.