"Mjomba, Mbona Sisi Hatukujenga Ukuta?"

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Ipuli, Tabora, nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu wa darasa la tano akaniletea simu: "Mjomba, angalia hii." Ilikuwa video ya kufundishia watoto kuhusu ukuta wa Hadrian, ule ambao Warumi walianza kuujenga kaskazini mwa Uingereza mwaka 122. Tukaiangalia mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mbona sisi hatukujenga ukuta?"

Swali hilo halijanitoka kichwani. Ndiyo maana nataka tulikague somo lenyewe, wewe na mimi.

Nianze na sifa, maana zipo. Mtoto haambiwi akariri. Anakata boksi, anajenga ukuta wake, anapaka rangi ngao, anahesabu hatua za askari wa zamu. Urefu wa kilomita 117 unakuwa kitu anachoweza kukifikiria. Laiti na sisi tungefundisha hivyo mara nyingi zaidi!

Ila somo lina kasoro mbili kubwa. Ya kwanza, mtoto anawekwa juu ya ukuta muda wote. Yeye ni askari, na walio ng'ambo ni "maadui" tu, hawana majina wala mifugo wala shughuli. Kumbe ukuta ule ulikuwa na malango, karibu kila maili moja ya Kirumi. Ukuta wa kuzuia watu tu ungekuwa na malango yote hayo ya nini? Ulikuwa pia wa kusimamia nani anapita na kitu gani.

Mtoto wa Tabora angelielewa hilo haraka kuliko mtaalamu. Hapa ilipita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na watemi walidai hongo kwa wanaopita. Mwaka 1871 Mirambo alipogombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na Stanley akakwama Kwihara kwa muda. Anayeishika njia ndiye mwenye nguvu, awe kaisari au mtemi.

Kasoro ya pili ndiyo iliyozaa swali la mpwa wangu. Video inaonyesha mawe matupu, kana kwamba Warumi hawakugusa udongo. Si kweli. Sehemu ya magharibi ya ukuta huo huo ilijengwa kwanza kwa matofali ya udongo wenye majani, yakakatwa na kupangwa, mawe yakaja baadaye. Na ukuta wa Antoninus, ulioanzwa mwaka 142 huko Scotland, ulikuwa wa udongo juu ya msingi wa mawe.

Sasa njoo nyumbani. Kuta za matembe na ngome nyingi za Unyamwezi zilikuwa za miti na udongo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome yake hapa hapa Tabora. Wajerumani walijaribu kuiteka mwaka 1892 wakashindwa, ikaanguka Januari 1893, na Isike akajilipua kwenye ghala lake la baruti. Kwa hiyo jibu la mpwa wangu ni fupi: tulijenga.

"Mbona hatuzioni?" Hapo ndipo sayansi ya udongo, niliyoisomea, inaposaidia. Udongo mkavu kiasi hushikana kwa sababu maji machache yaliyobaki kati ya chembe huzivuta pamoja. Ukilowa sana, mvuto ule unapotea na ukuta unalegea. Bila paa na bila kukandikwa upya kila mwaka, masika chache zinatosha. Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone leo ni makumbusho kwa kuwa lilijengwa upya na linatunzwa. Udongo ni ule ule. Tofauti ni nani aliyeonekana anastahili kukumbukwa. Hata mawe ya Hadrian mengi yalibebwa na watu wakajengea mashamba na makanisa.

Tatizo langu na masomo ya aina hii, basi, ni kwamba yanamwachia mtoto kipimo kibovu: kilichosimama ni ustaarabu, kilichoyeyuka si kitu. Kipimo hicho kinamfanya mtoto wa Ipuli ajione hana historia, huku akiwa amesimama juu yake.

Kama wewe ni mwalimu au mlezi, jaribu hili. Chukueni udongo wa kichuguu, ule ule wa kufyatulia matofali. Jengeni vijiukuta viwili, kimoja kiezekwe nyasi, vikauke, kisha mmwagie maji kwa kopo lenye matundu. Waulize watoto nani angekikandika hicho cha pili, na nini kingetokea akiondoka.

Sisi tulifanya hivyo uani. Cha wazi kililala kopo la nne. Mpwa wangu akakitazama, akasema, "Kumbe kilikuwepo."