Serveri gani? Kasoro ya neno moja katika kuwasha mashini kwa rezo

Wandugu, kosa hili linajulikana na kila mtu aliyesimamia chumba cha mashini zisizo na diski. Mashini inawaka, inapata adresi yake vizuri, kisha inaandika PXE-E32 na kukwama. Watu wanasema: "Kebo imekufa!" Kumbe hapana. Kama kebo ingekufa, hata ile adresi haingefika. Mashini imeomba faili ya kuwashia kwa serveri isiyojibu, na mara nyingi ni juu imepewa adresi isiyo ya kweli.

Mimi nalaumu maandishi. Mwaka 1985, Bill Croft na John Gilmore walieleza BOOTP katika RFC 951. Humo kuna nafasi inayoitwa siaddr, maana yake adresi ya serveri. Mwaka 1997 RFC 2131 ya DHCP ilibakiza jina lile lile, lakini ikasema ni adresi ya serveri inayofuata, yaani ile ya kuendelea nayo katika kuwasha. Yule anayegawa adresi anajitambulisha kwingine, katika opsheni 54. Kutenganisha kazi hizi mbili ni wazo zuri. Jina ndilo linadanganya.

Programu nazo zinaongeza fujo. Usipoandika adresi hiyo, dnsmasq inajitaja yenyewe. Lakini dhcpd ya ISC, ukiacha next-server, inatuma 0.0.0.0. Kunyamaza kulekule, maana mbili! Mwanafunzi akihama toka ya kwanza kwenda ya pili, chumba kizima kinaweza kukwama. Tena kuna opsheni 66, yenye kubeba jina la serveri ya TFTP: mashini zingine zinaisoma, zingine zinafuata siaddr tu.

Kwetu huu si ubishi wa vitabu. Saa tatu za kubadilisha kebo ni mafuta ya jenereta yameisha bure, na wanafunzi wamerudi nyumbani bila somo.

Basi, mbele ya kugusa kebo, andika kwenye serveri:

tcpdump -vn port 67 or port 68

Washa mashini, soma jibu. Hauoni Server-IP? next-server imesahauliwa. Inaonyesha mashini nyingine? Rekebisha. Ni sawa? Ndipo uende kuchunguza TFTP na faya-woli.

Na walimu wetu, mnapofundisha haya, msiseme "serveri" peke yake. Semeni: mgawa adresi, mtoa faili. Maneno mawili tu, na nusu ya shida imeisha.