Bomba Kabla ya Mtaro

Siku ya uzinduzi watu hufurika kuona koki ikifunguliwa. Mimi ningependa kualikwa siku nyingine kabisa, ile mhandisi anapokunjua mezani mchoro wa miinuko na mabonde, akaufuata kwa penseli kilometa baada ya kilometa. Bomba kuu hufaulu au kushindwa hapo.

Tazama mradi wa maji ya Ziwa Viktoria kwenda Shinyanga na Kahama, uliozinduliwa mwaka 2009. Maji huchotwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi la kilima cha Mabale, kisha hushuka kwa mserereko. Ukishalipia umeme wa kukifikia kilima, safari ndefu iliyobaki ardhi inaibeba bure.

Si bure kabisa. Kila mita kumi za kushuka huongeza presha ya karibu bar moja, kwa hiyo bonde lililo mita mia chini ya tangi hudai bomba imara kuliko la mwinukoni. Kulaza bomba la daraja la juu njia nzima ni usalama wa kivivu, tena kwa fedha za umma. Mhandisi makini hubadilisha daraja kadiri ardhi inavyobadilika. Penye kinundu huweka valvu ya kutoa hewa, maana hewa ikinasa huko huyabana maji. Bondeni huweka valvu ya kutolea tope. Penye kona, zege la kulizuia bomba lisichomoke kwenye maungio.

Halafu kuna BOQ, jedwali la zabuni linaloorodhesha kila kazi na kiasi chake. Wengi huiona kama orodha ya bei tu. Kwangu ndiyo maandishi magumu kuliko yote katika kabrasha la zabuni. Usukumani mawe makubwa huchomoza ghafla, na udongo mweusi wa mbugani hupasuka kiangazi ukavimba masika. Mstari unaosema “kuchimba mtaro” bila kutenga mwamba na udongo ni mwaliko wa ugomvi: mzabuni mwoga atatoza bei ya mwamba kila mahali, mjanja atatoza ya udongo ili ashinde, kisha arudi na madai. Mwandishi mzuri wa BOQ huchimbisha kwanza mashimo ya majaribio, hutenga mistari miwili na kukadiria kila mmoja. Mchanga wa kulazia bomba nao hupata mstari wake. Ukisahaulika, bomba litalala juu ya jiwe, na jiwe halina haraka.

Mradi huo ulipoendelezwa kuelekea Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India, kazi iligawanywa kwa makandarasi zaidi ya mmoja. Mitaro huchimbwa sehemu nyingi kwa pamoja, hiyo ndiyo faida. Mtihani uko pale mmoja anapokoma na mwenzake anapoanza: nani ataleta flenji, nani atafunga muungano, nani atajibu ukivuja katika kipindi cha matazamio?

Na jaribio la presha, ambalo mara nyingi hufanywa kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi, linahitaji bomba lijae. Yatoke wapi maji ya kulijaza katika nchi inayochimbiwa bomba kwa sababu haina maji? Mpangaji hodari huanzia upande wa chanzo, hupima kipande kimoja, huyahamishia maji yaleyale kipande kinachofuata, na kazi hiyo ameshaitengea bei.