Kutia Bitana Upya: Neno "Bepari" katika Jina la Tafsiri ya Nyerere

Ikisiri
Makala haya yanaichunguza dhana ya kutia bitana upya na kuitumia kuhakiki majina ya tafsiri mbili za Julius K. Nyerere za mwaka 1969. Inadaiwa hapa kwamba Juliasi Kaizari ilibadilishwa vazi la nje, ilhali Mabepari wa Venisi ilitumia neno lililokwisha kubadilishwa bitana.

1.0 Neno na Maana Yake
Bitana ni kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa vazi. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia batini, yaani kilichofichika, kinyume cha dhahiri. Fundi cherehani wa Musoma au Bunda anayeletewa koti lililochakaa ndani, kwanza hufumua, kisha hushona upya. Kufumua kumevuka mipaka ya ushonaji: magazeti ya Tanzania huandika kuwa Baraza la Mawaziri limefumuliwa na kusukwa upya. Hata hivyo, matendo haya hayalingani. Kufumua na kusuka upya hubadili kitu kizima. Kutia bitana upya huiacha sura ya nje kama ilivyokuwa, na asiyelivaa koti hawezi kujua.

2.0 Juliasi Kaizari
Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyesoma Mwisenge, Musoma, alichapisha tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa upande wa jina, badiliko ni la nje: sauti na tahajia zimeswahilishwa, lakini anayetajwa ni yuleyule.

3.0 Mabepari wa Venisi
Ni rahisi kuliona jina hili kuwa zao la Azimio la Arusha la mwaka 1967. Usomaji huo una msingi, lakini mara nyingi hutafuta ushahidi mahali pasipo pake. Bepari ni neno lenye asili ya Kihindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara. Kwa maana hiyo, mfasiri hakupotosha chochote. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine ilishonwa baadaye ndani ya neno lilelile, nayo siasa ya ujamaa ikaieneza. Msomaji wa mwaka 1969 alizipokea maana zote mbili kwa pamoja.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika kiambishi ma-. Jina la Shakespeare lina mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. La Nyerere lina wengi. Bitana ya zamani haiwezi kuueleza wingi huo, wala ulinganifu wa kileksika hauudai. Katika onesho la mahakamani, Portia huuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Jina la Kiswahili limekwisha kumjibu kabla pazia halijafunguliwa: Antonio anayekopa na Shailoki anayekopesha ni wa tabaka moja. Hivyo lawama ya unyonyaji haimwangukii Shailoki peke yake.

4.0 Hitimisho
Mhakiki wa tafsiri anapaswa kutenganisha bitana iliyotiwa na jamii na mshono uliotiwa na mfasiri. Katika Mabepari wa Venisi, maana mpya ya bepari ni kazi ya jamii. Wingi wake ni kazi ya Nyerere, na hapo ndipo itikadi yake inapopaswa kupimwa.